Kikiteleza, Kitakwenda Wapi?

Mwaka jana nilialikwa Kampala kwenye mahafali ya mjukuu wa dada yangu, katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambacho sisi wa rika la zamani tulikijua kabla hakijawa chuo kikuu, kwani kilipatikana mwaka 2003 kwa kuunganishwa taasisi tatu zilizokuwa zikiishi kilimani pale kama majirani: chuo cha ufundi kilichohamishiwa huko mwaka 1958, chuo cha walimu, na chuo cha elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Hotuba zilipokwisha, na vijana walipoanza kurusha kofia zao na kupigana picha, niliaga kwa udhuru wa maumivu ya magoti, kisha nikashuka kilima kwa miguu, jambo ambalo mwenye maumivu ya magoti halifanyi, kuelekea Banda, karibu na barabara kuu iendayo Jinja, mahali nilipoitumikia miaka minne ya ujana wangu nikijifunza kazi ya ngozi.

Sikutaraji kukuta kitu, wala sikukuta. Palipokuwa na kibanda cha mwalimu wangu pana duka la simu, na mwembe uliokuwa ukitupa kivuli umekatwa. Lakini hatua chache mbele, chini ya bati lililoegemezwa ukutani, nilikuta vijana watatu wamezungukwa na vipande vya ngozi, wakitengeneza mikanda na pochi, na mmoja wao ameifunga kwa waya juu ya meza ile grinda ya mkono ya kukatia vyuma, kinga yake ameitoa, mahali pa jiwe ametia gurudumu la kitambaa, na juu ya gurudumu hilo anang'arisha kisu cha nusu duara huku makali ameyaelekeza juu, yakilikabili gurudumu uso kwa uso. Kidole gumba chake cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye doa. Nilipomwuliza jeraha lile limetokana na nini, alicheka, akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotazamia:

"Kawaida tu, mzee. Kisu kiliruka kidogo."

Nakiri kwamba kwanza nilishangazwa na Kiswahili kabla ya kushangazwa na kisu, maana katika zama zetu Mganda aliyenena lugha hii mbele za watu alidhaniwa ama askari ama mwizi, na leo Baraza la Mawaziri la nchi hiyo hiyo limekwisha kuamua, tangu mwaka 2022, kwamba ifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini neno lililonifuata hata nilikolala usiku ule ni hilo la "kiliruka", kwani nalifunzwa, na kwa gharama, kwamba kisu hakina miguu.

Baba yangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nasi tulikaa Nsambya katika nyumba za reli. Mwaka 1973, nikiwa na umri wa miaka 17, niliacha masomo kwa sababu zisizo na maana hapa, naye baba, aliyeamini kwamba kijana asiye na kazi ya mikono huishia kufanya kazi ya ulimi, akanichukua siku moja ya Jumatatu hata Banda, akanikabidhi kwa mshona viatu mmoja aliyekuwa akimtengenezea mabuti, akaondoka bila kugeuka nyuma. Sitalitaja jina la mzee huyo, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Mimi nilimwita Mzee, na wateja wake wakimwita Ssebo, yaani Bwana. Alikuwa amepigana vita vikuu vya pili katika kikosi cha 4 cha King's African Rifles (KAR), akafika Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kazi yake huko, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kuwashonea wenziwe mabuti yaliyooza kwa mvua. Jeshini ndiko alikopata Kiswahili chake, Kiswahili cha amri, kifupi, kisicho na pambo, ambacho ngeli zake zilikuwa zimevunjika mifupa yote walakin kilifika kilikokuwa kikienda. Jina la kilima kile lina mbogo ndani yake, mnyama ambaye sisi wa pwani twamwita nyati, na Mzee alipenda kusema kwa mzaha kwamba Kyambogo ngozi ilitangulia kufika kabla ya watu.

Kwa muda wa miezi mitatu ya mwanzo hakunipa kisu. Alinipa vinoo. Alikuwa navyo viwili, kimoja cha kiwandani chenye sura mbili, ya kukwaruza na ya kulainisha, na kingine jiwe la asili, jembamba, la rangi ya majivu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliazima; na kazi yangu ikawa kuvisawazisha vinoo hivyo juu ya sakafu ya saruji, kwa mchanga na maji, nikivisugua kwa duara hata vikawa bapa tena, maana kinoo kikitumika sana huliwa katikati, kikafanya bonde. Niliiona kazi hiyo kuwa ni dharau. Kijana wa Kimombasa, mtoto wa karani, amekaa chini akisugua jiwe kwa jiwe, ilhali watoto wadogo kuliko yeye wanapita na vitabu vyao kwenda kilimani! Haikunidhihirikia ila baadaye kwamba kisu cha kupunguzia ngozi, yaani kile cha kuchongea ukingo uwe mwembamba upate kukunjwa na kushonwa, hunolewa mwinamo upande mmoja tu, na upande wa pili sharti uwe bapa kama kioo. Kikinolewa juu ya jiwe lenye bonde, ule ubapa hupinda, na kisu kilichopinda ama huchomoka juu ya ngozi ama huzama ndani yake, na hapo ndipo mkono unapoanza kusukuma kwa nguvu. Madhara ya mwezi wa sita huanzia katika bonde la jiwe ambalo hakuna aliyelitazama mwezi wa kwanza.

Aliponipa kisu hatimaye, alinipa pamoja nacho swali. Kabla ya kila pigo, kila mkato, kila mvuto juu ya jiwe, alikuwa akiuliza, "Kikiteleza, kitakwenda wapi?" nami ilinipasa kujibu, si kwa maneno bali kwa kidole. Kikiteleza kitakwenda kwenye goti. Basi sogeza goti. Kikiteleza kitakwenda kwenye mkono unaoshika ngozi. Basi mkono huo uwe nyuma ya makali, usiwe mbele. Kikiteleza kitakwenda kwa mtu aliyekaa pale. Basi ngoja aondoke, au ondoka wewe. Mwanzoni nilijibu upuuzi, kwa mfano kwamba hakitateleza, naye alikuwa akinitwaa kisu mkononi na kunirudisha kwenye vinoo kutwa nzima, bighairi ya kuinua sauti.

Jeraha langu la kwanza lilikuja mwezi wa nne au wa tano. Nilikuwa nikikata soli katika ngozi nene iliyokaushwa, na kisu kilikuwa kimekwisha makali, nalo nililijua hilo, kwani kisu hukwambia. Lakini jiwe lilikuwa ng'ambo ya pili ya kibanda, na jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na miaka 17. Nikaongeza nguvu. Ngozi ikashikilia, ikashikilia, kisha ikaachia kwa ghafula, na nguvu yote niliyokuwa nimeikusanya begani ikashuka pamoja na kisu hata chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambapo kovu lake lipo mpaka leo, jeupe kama uzi. Mzee hakunigombeza. Aliliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalifunga, akaninywesha chai ya sukari, kitu adimu wakati ule, halafu akakichukua kisu kile kile, akakinoa mbele yangu polepole, akaikata ngozi ile ile kwa uzito wa vidole viwili. Watu huogopa makali, na ni haki yao. Lakini mkono wangu haukukatwa na makali, kwani hayakuwapo. Ulikatwa na bega. Kisu kikali hakihitaji bega, na mkono usiosukuma una uwezo wa kusimama pale unapotaka kusimama, hali mkono unaosukuma husimama pale unapozuiwa, na aghalabu kinachouzuia ni nyama ya mwenye mkono.

Tangu siku hiyo nikaipokea adabu ya kunoa kama mtu anavyopokea dini aliyozaliwa nayo, yaani bila kuifikiri. Kifundo cha mkono kimefungwa, mwinamo haubadiliki, upande mmoja hata utokee ule uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, uzi ambao jicho halioni lakini ncha ya kidole huujua. Na kidole kinachoutafuta hupita kwa kuvuka, kutoka mgongoni mwa kisu kwenda nje, asilani hakipiti kwa kufuata urefu wa makali. Kufuta kadhalika, kitambaa huanzia mgongoni. Na kisu kikianguka hakidakwi: mikono juu, miguu nyuma, kiache kifike chini. "Kisu kikianguka si chako tena," alikuwa akisema, na nimewaona watu wazima, mafundi, waliokidaka kwa tabia tu, kama mtu anavyodaka kikombe.

Yapasa nieleze kidogo hali ya nchi, kwa sababu bila hiyo haifahamiki kwa nini tulinoa sana. Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, na maduka ya vifaa vya ujenzi na vya ufundi, ambayo mengi yalikuwa yao, yakapewa watu ambao wengine wao hawakujua bei ya msumari. Hata ilipofika mwaka 1974 rafu zilikuwa tupu, na kisu cha chuma cha Sheffield, au kinoo kipya, kilipatikana kwa magendo tu. Mambo mengine ya zama zile hayana haja ya kusimuliwa katika habari ya visu. Sisi tulikwenda Katwe, kwa wafua vyuma, tukanunua misumeno ya chuma iliyovunjika na tupa zilizokwisha meno, tukazigeuza kuwa visu kwa cherehe ya mkono, mimi nikizungusha na Mzee akishika, na baadaye, alipoona nimekomaa, yeye akizungusha na mimi nikishika.

Hapo nikaharibu kisu changu cha kwanza cha kujitengenezea. Nilikuwa na haraka ya kukiona kimekamilika, nikakikandamiza juu ya jiwe pasipo kukichovya majini, hata ukingo wake ukageuka rangi: kwanza manjano kama nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu nzuri, buluu ya bahari ya kwetu, nami kwa ujinga wangu nikaipenda. Mzee akaitazama, akakivunja kipande kile kilichobadilika kwa koleo, akakitupa. Baadaye sana nilisoma vitabuni kwamba rangi ile ya nyasi kavu hutokea chuma kikifikia takriban digrii 220 na ile ya buluu takriban digrii 300, na kwamba chuma cha kaboni kikifika huko hulegea, kikawa hakishiki makali hata kinolewe kwa ustadi gani. Lakini Mzee hakuwa na haja ya hesabu hiyo, maana kipimajoto chake kilikuwa kidole. Alishika kisu kwa vidole vitupu karibu na ukingo, na kidole kilipolalamika, kisu kiliingia majini. Ndiyo sababu hakuruhusu glavu kwenye cherehe, na sababu ya pili ni kwamba glavu hushikwa na jiwe na kuuvuta mkono ulio ndani yake. Siku za Ijumaa, nilipokuja na kanzu ili nipitilize msikitini, hakunikaribisha hata kuzungusha, kwa ajili ya mikono mipana ya kanzu. Na yeye mwenyewe, akitoka harusini na kanzu yake ya Kiganda, aliketi nje hata abadili nguo.

Jiwe la cherehe alilipima kwa kulitundika kidoleni na kuligonga kwa kipande cha mti: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu chenye ufa halifungwi, kwani jiwe lenye ufa likizungushwa kwa kasi hupasuka, na vipande vyake havichagui mtu. Nilidhani ni ushirikina wa kijeshi mpaka nilipokuja kuona onyo hilo hilo limeandikwa katika vitabu vya ufundi vya Waingereza.

Sasa nifike kwenye kung'arisha, ambako ndiko kulikonikalisha nikaandika. Jirani yetu mmoja, fundi hodari kuliko Mzee kwa wepesi wa mikono, alikuwa na mota ya umeme, ule umeme utokao Jinja katika Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na juu ya mota hiyo alifunga gurudumu la vitambaa lililopakwa sabuni ya kung'arishia. Kisu kilichochukua nusu saa kwetu kilichukua dakika mbili kwake, kikatoka kinang'aa kama kioo cha bibi harusi. Mwaka 1975, mchana mmoja, nilitumwa kwake kuazima gundi, nikamkuta anang'arisha kisu cha nusu duara namna ile ile niliyoiona mwaka jana, makali juu, na miguuni pake amechuchumaa mvulana anayeokota mabaki ya ngozi. Sikuona kilichotokea, kwa kuwa hakuna jicho la kuona kitu kama hicho. Nilisikia mlio, nikaona mikono ya fundi ni mitupu, na kisu kilikuwa kimekwisha kupiga saruji, kikapaa, kikaingia katika shavu la mguu wa mvulana. Alipona, alhamdulillahi, akabaki na kuchechemea kidogo. Fundi yule alikaa siku nyingi hakuwasha mota.

Niliporudi na kusimulia, Mzee aliniuliza, "Kilikwenda wapi?"

"Mguuni kwa mtoto, Mzee."

"Hapana. Kilikwenda kule gurudumu linakokwenda. Mtoto alikuwa njiani."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi, na kila nirudiapo nayaona yamebeba zaidi. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20, likizunguka mara 2,800 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa kasi ipitayo kilomita 100 kwa saa. Na kitambaa, tofauti na jiwe, ni laini, kinajikunja, kinaingia mahali, kinashika ncha na kona za kisu kama mtoto anavyoshika nguo ya mamaye. Makali yakilikabili gurudumu, gurudumu huyala, na likishayala hukitupa kile chuma kwa kasi yake lenyewe, si kwa kasi ya mkono wako. Kwa hiyo anayelazimika kutumia mashine hiyo hukishika kisu chini ya katikati ya gurudumu, mgongo wake ukitangulia kukutana na kitambaa na makali yakifuata nyuma, yakitazama kule kule kitambaa kinakokimbilia, ili kikinyakuliwa kisipate cha kuuma. Husimama imara, macho ameyakinga, na mbele yake na miguuni pake hapana mtu wala paka.

Mzee hakuwa na mashine, na nafikiri hata angepewa asingeitumia, si kwa ushamba bali kwa sababu alikuwa na hoja ya pili juu ya kung'aa. Katika ngozi, kung'aa si pambo. Mti hupasuka mbele ya patasi, karatasi huachana mbele ya wembe, lakini ngozi huvibana visu pande zote mbili, na kila mkwaruzo ulioachwa na jiwe huwa ni mkono mdogo unaoshikwa. Kisu kilichong'arishwa sura zote mbili hupita katika ngozi ile ile kwa nusu ya taabu. Lakini gurudumu la kitambaa, kwa ulaini wake, huzunguka ukingo na kuuviringisha, ukapata kisu kinachokuonyesha uso wako vizuri sana na hakikati hata siagi. Wengi wamehadaika na mng'aro huo, na mimi mmojawapo, wala si katika visu tu.

Alichotumia ni ukanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, upande wa manyoya chini, na kwa dawa alitumia majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa cha melimeli yakachanganywa na mafuta ya ng'ombe. Yakipatikana, matone machache ya Brasso, mazoea ya jeshi yasiyomtoka. Dawa ya kijani inayouzwa siku hizi sikuiona ila baada ya kuondoka Uganda. Kisu huvutwa mgongo ukitangulia, hakisukumwi kamwe, na mwisho wa mvuto hakiinuliwi kwa kupinda mkono, maana huko kupinda ndiko kunakoyaviringisha makali, bali husimamishwa, kikageuzwa juu ya mgongo wake, kikarudi. Nilikata kanda tatu kabla mkono wangu haujajua hayo, na kila ukanda Mzee aliutoza katika posho yangu. Vyombo vidogo vilikuwa na hila zao: kile chombo cha kuviringishia kingo, chenye mfereji mdogo usioingia jiwe lolote, kilinolewa kwa uzi wa katani uliopakwa dawa hiyo hiyo, ukavutwa ndani ya mfereji mbele na nyuma, na msharasi, ambao watu huudharau kwa udogo wake, aliung'arisha hata uzi wa sufi usipate kunaswa juu yake, kisha ncha yake akaichomeka katika kizibo cha chupa. Majeraha ya msharasi ni madogo na ya ndani, alisema, nayo ndiyo yanayooza.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Reli ikagawanywa, na baba akarejeshwa Mombasa pamoja na masanduku yake na mimi. Mzee alinipa kisu chake kimoja, akiwa amekivika ala mpya, wala hakusema neno la kuagana zaidi ya kuniuliza nitakibeba mfuko gani.

Kwetu nikapata kazi katika Mji wa Kale kwa mtengeneza makubadhi, mtu ambaye asili yake ilikuwa Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika tangu kale kwa kazi za ngozi, na hapo kiburi changu kikakutana na wenyewe. Alinoa akiwa ameketi chini, mguu mmoja ameunyosha, jiwe la mchanga amelibana kwa wayo, na kisu, subhanallah, akikivuta kuelekea kifuani kwake. Kila nilichofundishwa kilipiga kelele. Siku ya tatu sikuweza tena kuvumilia, nikamwuliza lile swali la Banda, kwa sauti ambayo leo naionea haya. Hakukasirika. "Njoo, mwanangu, uushike mkono wangu," alisema, akakivuta kisu tena, nami nikahisi kwamba kiwiko chake kilikuwa kimebanwa ubavuni kana kwamba kimeshonewa, hata mkono ukawa hauna namna ya kuja karibu zaidi ya shibiri moja; kiungo chenyewe kiliuzuia kabla ya kifua. Alikuwa amelijibu swali langu kwa mwili wake, labda tangu utotoni, wala hakuwahi kuulizwa. Nilikuwa nimedhani Mzee alinifundisha kusukuma kisu mbali nami. Kumbe alinifundisha kutazama tu, na kule kusukuma kulikuwa jibu lake yeye, kwa kigoda chake na meza yake.

Asubuhi ya pili baada ya mahafali nilirudi Banda. Nilikuwa nimetunga usingizini hotuba nzuri, yenye Burma na Sheffield na digrii 300 ndani yake, nikaianza, na dakika ya tatu mmoja wao akatoa simu yake. Nikanyamaza. Kisha nikamwuliza yule mwenye kidole kilichofungwa, aliyekuwa ameshawasha grinda, "Hicho kikiteleza sasa hivi, mwanangu, kitakwenda wapi?" Akacheka, akaonyesha tumbo lake. Halafu akatazama gurudumu, akatazama linakozungukia, akamwona mwenzake aliyeketi chini ya meza akitia uzi katika sindano, akanyosha mkono akaizima.

Wakaniomba niwaonyeshe. Nikaitisha kinoo, wakasema hawana, wakaniletea kipande cha kioo cha dirisha kilichogundishwa msasa laini, wa namba 1000 upande mmoja na 2000 upande wa pili, wakauloanisha maji. Nami nikakigeuzageuza kioo kile mkononi kwa muda, nikiikumbuka miezi yangu mitatu ya kusugua mawe juu ya saruji, kwani kioo hakifanyi bonde, na msasa ukichakaa hubanduliwa. Walikuwa wamejifunza hayo katika simu ile ile niliyoichukia. Nikaketi, nikakilaza kisu. Mkono wangu siku hizi hutetemeka kidogo asubuhi, kabla ya chai, na vijana wale waliliona hilo, kwa adabu wakajifanya hawakuona, isipokuwa mwenye kidole, ambaye alikuwa ameinama karibu kabisa.

"Na wewe, mzee," akasema, "kikiteleza?"

Nikatazama. Kilikuwa kikielekea goti lake, maana alikuwa amesogea mno apate kuona. Nikamwambia arudi nyuma hatua moja, naye akarudi, nikaanza kuvuta.